Hapana Moja ya Haskett

Oktoba ilipoingia, Avis Thurlow alilitoa kabatini koti la kuwindia la marehemu mumewe, lile la rangi ya machungwa inayoumiza macho, akashonea kifuani beji aliyoitengeneza mwenyewe yenye neno HAPANA, akatoka kwenda kuomba kura. Ulikuwa msimu wa kulungu. Huku kwetu kaskazini ya jimbo la Maine, ukitembea kando ya msitu bila rangi ile, mwindaji mwenye pupa anaweza kukumaliza. Ndivyo Avis alivyowaeleza watu, kwamba amelivaa kwa sababu ya risasi. Hakusema kwamba kola ilikuwa bado na harufu ya Merle, mafuta ya msumeno na tumbaku.

Jambo aliloliombea kura lilikuwa moja. Kwenye karatasi ya Novemba, chini ya wagombea wa ugavana na wa bunge la jimbo, na baada ya swali la jimbo zima kuhusu mkopo wa madaraja, sisi wa Haskett tulikuwa na swali letu peke yetu: je, mji uvunjwe? Ikishinda Ndiyo, Haskett isingekuwa mji tena. Ofisi ingefungwa, karani angekwenda zake nyumbani, ule mkutano wa mji wa kila Machi wa kugombania changarawe ya barabara ungekuwa basi, na mambo yetu yote yangeamuliwa na watu wa jimbo na wa kaunti ambao hawajawahi kukwama kwenye matope yetu. Wapiga kura tulikuwa arobaini na wanne. Ndiyo ilihitaji theluthi mbili. Avis alipiga hesabu mezani kwake akaona kwamba zikipatikana Hapana kumi na tano, mji umepona.

Waliotaka uvunjwe hawakuwa wajinga wala wabaya. Kiwanda cha mbao kilishafungwa, shule ilishafungwa, na kila familia iliyohama iliwaachia waliobaki sehemu yake ya kodi. Mji ukivunjwa, kodi ya nyumba ingeshuka. Ni hoja nzito, na Avis hakuwa na hoja ya kuipima nayo. Alikuwa na kaburi tu. Merle, aliyekuwa diwani wa mji, alizikwa kwenye makaburi ya mji, na Avis hakutaka alale mahali ambapo si mji. Alilisema hivyo hivyo kila mlangoni, bila kupamba, na watu walitazama chini.

Basi akazunguka. Alibeba vipeperushi vyake na biskuti za molasi kwenye mkebe, akapiga hodi hata kwenye nyumba ambazo hakuwa ameingia tangu mazishi ya Merle. Na hapo ndipo mambo yalipomchanganya. Alifunguliwa. Aliketishwa, akamiminiwa kahawa, akaonyeshwa picha za wajukuu na goti lililofanyiwa upasuaji. Miaka mitatu Avis alikuwa amekula chakula cha jioni akisikiliza redio, na siku nyingine alifika saa ya kulala akagundua kwamba hajafungua mdomo tangu asubuhi. Sasa kulikuwa na siku alizorudi nyumbani sauti imemkauka kwa kuongea. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimtia aibu, maana alijua kwamba kama si uchaguzi hakuna ambaye angemfungulia kwa ajili yake tu, na yeye asingekuwa na ujasiri wa kupiga hodi.

"Bi Avis, ukiendelea hivi tutakupeleka bungeni," alisema Royce Cyr, kijana wa miaka hamsini anayeendesha lori la kuondoa theluji, huku akijaza biskuti ya tatu mdomoni.

"Sitaki bunge. Nataka kura yako."

"Unajua nakuheshimu."

"Hiyo ni Hapana?"

"Mama, nitaifikiria kwa moyo wangu wote."

Avis akamwandika kwenye orodha yake ya Hapana. Lazima nieleze kidogo hapa, maana ndipo kosa lilipokaa. Sisi watu wa Haskett hatumkatalii mtu jikoni kwetu. Tutamwambia tutafikiria, tutamwambia ana hoja, tutachukua kipeperushi na kukibandika kwenye friji mbele ya macho yake. Ni tabia tuliyokuzwa nayo, na majirani zetu wa bondeni hutucheka kwayo. Avis alizaliwa hapa na yeye mwenyewe amewapaka wauza mashine za kufulia mafuta kwa mgongo wa chupa maisha yake yote. Lakini mtu akiwa na njaa ya kuambiwa ndiyo, husikia ndiyo. Kufikia katikati ya Oktoba alikuwa na watu kumi na wanne. Pamoja na yeye, kumi na tano.

Nyumba moja aliiacha mwisho, nayo ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote.

Elden Pomerleau aliishi ng'ambo ya barabara, nyumba mbili za mwisho zikitazamana, na baada yao ni msitu tu. Alikuwa mjane kama yeye, dereva wa magogo aliyestaafu, mzito wa maneno. Alikuwa akiwinda na Merle. Tangu Merle afe, Avis na Elden hawakuwa watu wa kutembeleana. Walipungiana mkono kwenye masanduku ya barua, wakaulizana habari za baridi, basi. Lakini kila siku jua likizama, taa ya jikoni kwa Elden iliwaka, na Avis aliyekuwa akiosha sahani yake moja aliitazama dirishani. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwa akiingojea. Siku moja Elden alichelewa mjini kwa daktari na taa haikuwaka hadi saa moja, na Avis alisimama pale kwenye sinki mikono imeloa, mpaka maji yakapoa.

Mwezi Septemba Elden alikuwa amechomeka uani kwake bango la NDIYO. Avis alipaka rangi ubao kutoka kibanda cha Merle, akasimika HAPANA yake upande wa pili. Tangu hapo hata kupungiana mkono kukakoma.

Alipopiga hodi, Elden alifungua na kulitazama lile koti kwa muda.

"Umeninyatia na koti la Merle," alisema. "Si haki hiyo."

"Ni kwa sababu ya risasi."

"Ingia, jirani. Baridi inaingia."

Walikaa jikoni, chini ya ile taa. Kwa karibu ilikuwa taa ya kawaida sana, kifuniko chake kina mainzi waliokufa. Avis alianza habari ya makaburi, na Elden alimwacha amalize.

"Merle alikuwa ndugu yangu, unajua," alisema. "Lakini sikupambi, Avis. Nyumba hii inanila. Kodi imepanda tena na pensheni yangu imekaa pale pale. Joanne ananipigia kila Jumapili, baba njoo Connecticut, baba nina chumba chini. Mimi sitaki chumba chini. Mji ukivunjwa, nabaki. Ukisimama, nauza."

Alikuwa mtu wa kwanza Haskett nzima kumkatalia jikoni, na Avis alimheshimu kwa hilo huku akitamani kumrushia mkebe wa biskuti. Alisema tu kwamba ameelewa. Mlangoni Elden alimuuliza kama choo chake bado kinavuja, akajibu kwamba alishamwita fundi, wakaachana.

Tangu jioni ile neno *nauza* halikumtoka. Aliendelea kuzunguka na vipeperushi, aliendelea kusema habari za kaburi, lakini akifika nyumbani aliosha sahani na kuitazama ile taa, na moyo wake ukaanza kumgeuka. Alikuwa na kura kumi na tano kamili. Hakuna ya ziada. Maana yake ni kwamba angeuokoa mji kwa kura yake mwenyewe, na kwa kura hiyo hiyo angeizima taa ya Elden. Alijaribu kumuuliza Merle, kama alivyozoea kumuuliza mambo akiwa peke yake garini. Merle alikuwa marehemu na hakuwa na la kusema.

Angeweza kuvuka barabara akamwambia Elden, nisikilize, sitaki uende. Alilifikiria hilo pia. Lakini mtu wa miaka sabini na moja anasemaje maneno hayo, tena kwa mwanaume ambaye si mumewe wala si ndugu yake, na kwa haki ipi? Kuomba kura alikwishajifunza. Hilo jingine hakulijua.

Siku ya uchaguzi theluji ya kwanza ilianguka, nyepesi, ya kuchafua viatu tu. Avis alipeleka pai mbili za tufaha ukumbini kama alivyofanya kila uchaguzi tangu aolewe. Nadine, karani wetu, alimzuia mlangoni.

"Bi Avis, beji."

"Beji gani?"

"Hiyo iliyoandikwa kwa herufi za kuonekana hadi Kanada. Humu hakuna kampeni, unajua."

"Imeshonwa, Nadine. Haitoki."

"Basi koti lenyewe litundike. Samahani, mama. Mimi sitengenezi sheria."

Avis alilitundika koti la Merle kwenye msumari karibu na mlango, akaenda kwenye kibanda cha kupigia kura akiwa na sweta lake la kijivu. Alijisikia kama yuko uchi. Alitia alama kwa gavana, akatia alama kwa mbunge, akatia alama kwa madaraja, kisha akasimama na kalamu juu ya swali letu. Nyuma yake watu walikuwa wakizungumza habari za kulungu aliyepigwa na Royce. Avis alitia alama penye Ndiyo, akaikoleza ili isije ikawa na utata, akaikunja karatasi. Sanduku letu la kura ni la mbao, la zamani kuliko mtu yeyote aliye hai hapa, na ukizungusha mpini wake linaimeza karatasi na kengele inalia. Kengele ikalia. Alipotoka hakulivaa lile koti, alilibeba mkononi hadi garini.

Kura huhesabiwa pale pale ukumbini, kwa mkono na kwa sauti, na yeyote anayetaka hukaa kwenye viti vya kukunja kutazama. Karibu wote tulikuja, na akina mama wa kanisa walileta maharage ya kuoka na mkate mweusi. Avis alikaa safu ya nyuma. Elden alikaa upande wa pili, kofia gotini. Walimaliza gavana, wakamaliza bunge, wakamaliza madaraja. Kisha Nadine akanywa maji na kuanza na swali letu.

"Ndiyo," alisoma. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Avis alikuwa amejiandaa kushindwa kwa kura moja, na moja hiyo ilikuwa yake. Alikuwa amejiandaa kuibeba siri ile na kuomba msamaha makaburini. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Ndiyo zilikuja zikafuatana, na kila moja ilikuwa kahawa aliyokunywa mahali, goti alilolisifia, mjukuu aliyemshangilia. Royce alikuwa akikagua kucha zake. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebandika kipeperushi cha Avis kwenye friji aliinuka kwenda kuongeza maharage ilhali sahani yake ilikuwa imejaa. Avis alimsikia Nadine akianza kusoma taratibu, kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko hesabu yenyewe. Kwa hiyo walikuwa wakimwonea huruma tangu mwanzo. Kila mlango uliofunguka ulifunguliwa kwa huruma.

"Ndiyo. Ndiyo." Nadine akasita. "Hapana."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Avis. Kisha ukarudi mbele, na zilizobaki zote zilikuwa Ndiyo. Arobaini na tatu kwa moja. Haskett ilikuwa imejivunja, na hakuna aliyepiga makofi.

Walimjia mmoja mmoja na sahani zao. Walimwambia wanaume wachache wangethubutu kusimama peke yao hivyo. Walimwambia Merle angejivunia. Royce alikuja akiwa mwekundu masikio.

"Bi Avis, niliifikiria kweli. Nina mkopo wa lori."

"Najua, Royce."

"Angalau wewe hukuyumba."

Avis alimpiga piga begani. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua ndani ya ukumbi ule isipokuwa mtu mmoja. Hapana ile haikuwa yake.

Nje giza lilikuwa limeshaingia zamani; ilikuwa saa tatu usiku. Alikuta Elden amesimama kando ya gari lake akiwa na sahani iliyofunikwa karatasi ya bati.

"Jirani," alisema Elden.

"Elden. Hongera. Utakaa na nyumba yako."

Elden aliigeuza ile sahani mkononi. "Ile ilikuwa yangu."

"Nini ilikuwa yako?"

"Unajua nini."

Avis alimtazama asiamini. "Una bango uani."

"Waliponiletea bango nilikuwa naitaka Ndiyo. Baadaye sikulitoa. Ukilitoa, watu wanaanza kuuliza maswali." Alikohoa. "Joanne alikuja wiki ile baada ya wewe kupita. Alikuwa na mnunuzi tayari, watu wa Boston, wanataka nyumba ya kuja kiangazi. Nimeshatia sahihi, Avis. Naondoka kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwisho wa mwezi huu. Mlango wa pembeni uliganda, mguu unaniuma, nilichoka. Basi nikasema, kodi si yangu tena, mimi naenda zangu. Anayebaki ni wewe. Nikuachie mji wako, maana sina kingine cha kukuachia."

Theluji ilianza tena. Avis alitaka kukaa chini na hapakuwa na pa kukalia.

"Sasa niambie," alisema Elden. "Nimekaa pale nahesabu. Imesomwa moja, na moja ni yangu. Yako ilikwenda wapi?"

Angeweza kumdanganya. Kengele, karatasi, macho ya Nadine, angeweza kubuni chochote.

"Ilikwenda kwako," alisema. "Ulisema mji ukisimama unauza."

Elden alitazama pembeni, kule kwenye mlango wa ukumbi ambako watu walikuwa wanakunja viti, na alipogeuka tena macho yake yalikuwa yamelowa, mabaya kutazamwa.

"Ungeniambia, Avis."

"Na wewe ungeniambia."

Barabara ya changarawe kati ya nyumba zao unaivuka kabla hujamaliza kufunga vifungo vya koti, na wote wawili walikuwa wameitazama wiki zile zote kutoka upande wao. Elden alimpa ile sahani ya maharage, kwa kuwa kitu fulani kilibidi kitolewe. Avis aliipokea. Kisha kila mmoja aliingia garini mwake, wakarudi kwa barabara ile ile, taa za mmoja zikimulika nyuma ya mwenzake hadi mwisho.

Wiki mbili zile walizobakiza, Elden alivuka barabara kila jioni. Walikula. Hakuna kikubwa kilichosemwa. Waliongea habari za Merle, za mabomba, za Joanne anayeweka sukari kwenye maharage. Avis alikuwa na furaha na alikuwa na uchungu, na vyote viwili vilikaa mezani pamoja nao. Siku ya kuondoka Elden alimwambia Connecticut si mbali. Avis akasema si mbali. Gari la Joanne lilipokata kona alirudi ndani akaosha vikombe viwili.

Huku kwetu uchaguzi ukiisha, kila mtu huondoa bango lake mwenyewe. Kumwondolea mwingine ni utovu wa adabu. Avis aling'oa ubao wake akaurudisha kibandani. Bango la Elden liliendelea kusimama ng'ambo, theluji ikilipanda kutoka upande mmoja, N na D zimeshafunikwa. Alivumilia siku kadhaa. Kisha akavaa koti la machungwa, akavuka, akalichimbua kwa koleo na kulileta nyumbani, akaliegemeza kwenye ubao wake.

Royce alikuwa akipita na lori, ambalo sasa lilikuwa na nembo ya kaunti mlangoni. Alisimama akateremsha kioo.

"Umevaa tena, Bi Avis? Unaomba kura ya nini safari hii?"

"Ya kahawa. Ipo jikoni."

Royce aliitazama saa yake, akatazama barabara. "Nitaifikiria," alisema kwa upole, na Avis, ambaye sasa alijua kuhesabu, alimpungia mkono.

Lori liligeuka mbele ya lango lake, maana mbele zaidi hapakuwa tena na mtu wa kuondolewa theluji, likaondoka. Giza lilikuwa linaingia. Avis alisimama kwenye sinki na sahani yake moja, akatazama ng'ambo kwa mazoea, akaona dirisha jeusi. Kisha akawasha taa ya jikoni kwake, akavuta pazia pembeni ili ionekane vizuri na yeyote atakayepita barabarani, akaenda kukaa chumba kingine.